Kituo Kisichofungwa

Mwaka wa 1991, Peres alikuwa darasa la sita, na kazi yake ya kila asubuhi ilikuwa moja: kumvisha viatu ndugu yake Isaiah. Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Isaiah alikuwa na miaka mitatu, na alipenda kuvua kiatu cha kushoto mara tu cha kulia kilipoingia. Wakati huo baba yao, Ogutu, alikuwa ameshaondoka nyumbani kwao mtaa wa Jamhuri kwenda kwenye kiwanda cha biskuti, alikokuwa fundi wa mitambo. Mama yao, Rael, alikunywa chai akiwa amesimama, mkoba begani, tayari kwenda mjini katika duka la vitambaa alikouza.

Kwa miaka miwili Isaiah alikuwa akishinda nyumbani na shangazi yao. Lakini mwezi wa Mei shangazi aliolewa, akaenda kuanza maisha yake Siaya. Rael alijaribu kwenda na mtoto dukani, Biashara Street. Siku ya tatu Isaiah alivuta jora la kitambaa, likaanguka pamoja na mkasi mkubwa. Mkasi ulichoma sakafu ya mbao karibu kabisa na mguu wake.

Mwenye duka, Mama Jashoda, alimbeba Isaiah akamketisha juu ya kaunta.

"Rael, huyu mtoto nampenda," alisema. "Lakini hapa kuna mikasi, kuna ngazi, na mlango unafunguka moja kwa moja barabarani. Mtafutie mahali."

Jumamosi hiyo wazazi waliitandaza kalenda mezani. Peres alikuwa akiosha vyombo, masikio yake yote yakiwa mezani.

"Nasari ya kanisa ni nzuri," alisema Rael. "Watoto wanabaki hadi saa kumi, na Peres anaweza kumchukua akitoka shule. Lakini inafunga Aprili. Inafunga Agosti. Desemba inafunga zaidi ya mwezi."

"Na kile kituo cha Wangeci cha kulea watoto?"

"Wanasema hakifungwi kamwe."

Ogutu alikuna kidevu. "Kiwanda hakinipi likizo mara tatu kwa mwaka. Wewe je?"

"Siku kumi na nne tu."

"Basi tukichagua nasari, wakati wa likizo Peres atakaa naye. Yeye pia atakuwa amefunga shule."

Sahani ilimponyoka Peres ikarudi majini. Wiki hiyo hiyo Mwalimu Oloo alikuwa amemchagua kuongoza shairi la pamoja ambalo shule yao ingelikariri kwenye mashindano ya Septemba. Mazoezi yangefanyika shuleni kila asubuhi, mwezi mzima wa Agosti. Moyoni alikuwa ameshachagua kituo.

Wiki iliyofuata Rael alienda kutazama mahali pote pawili, akiwa na Peres. Katika nasari walikutana na Mwalimu Wangui, mwanamke mnene mwenye miwani. Aliwapa karatasi iliyopigwa chapa.

"Hizi ndizo siku tunazofunga," alisema. "Na walimu wakiwa na mkutano, tunafunga pia. Nakwambia mapema, mama, usije ukanikasirikia baadaye."

Rael aliisoma karatasi hadi mwisho, akaikunja bila furaha.

Kituo cha Wangeci kilikuwa nyumba ndogo yenye mlango wa buluu unaotazama kijia, karibu na gereji ya Mzee Gurdeep. Ndani palikuwa safi. Watoto watatu walicheza juu ya mkeka. Wangeci, ambaye watoto walimwita Anti, alikuwa mwembamba, na macho yake yalionekana kukosa usingizi.

"Hapa hatufungi," alisema. "Jumatatu hadi Jumamosi, Januari hadi Desemba."

"Na ukiugua?" Rael aliuliza.

"Mimi siugui, Mama Peres."

"Na ukipata msiba?"

"Mungu ataepusha."

"Una msaidizi?"

"Yuko binti mmoja. Leo ametoka kidogo."

Njiani Rael alitembea polepole. "Mtu asiyeugua, asiyefiwa, asiyepumzika. Mimi simwelewi mtu wa namna hiyo."

"Lakini nyumba ni safi, Mama," Peres alisema upesi. "Na Isaiah alicheka na wale watoto."

Mama alimtazama kidogo. Hata hivyo, Jumatatu ilikuwa inakuja, na duka halikungoja mtu. Isaiah alipelekwa kwa Anti Wangeci.

Peres ndiye aliyempitia kila siku saa kumi. Mwanzoni hakuona baya. Lakini kila mara alimtafuta yule msaidizi kwa macho, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: ametoka kidogo. Mwezi wa Juni ulipita. Peres hakuwahi kuona hata viatu vyake mlangoni.

Kisha baridi ya Julai ikaanza, na Isaiah akabadilika. Siku nyingine alitembea vizuri, akiuliza jina la kila mbwa. Siku nyingine alitoka mlangoni akiyumba kwa usingizi, akashika kichwa na kusema, "Inauma." Peres alikumbuka chupa ya dawa ya kikohozi aliyoiona kwenye rafu ya Wangeci. Alikuwa amesikia kwamba watu wengine huwanywesha watoto dawa ili walale. Alimnusa Isaiah mdomoni. Palinuka uji tu.

Jioni moja alimkuta akicheza peke yake. Alikuwa amepanga vifuniko vinne vya chupa chini ya kigoda, akaziba upande wa mbele kwa ndara.

"Unafanya nini, Isaiah?"

"Kacha! Nimefunga kufuli." Aliweka kidole mdomoni. "Nyamaza. Anti anarudi."

Peres aliinuka akatazama mlango wa jikoni. Mama alikuwa akiimba huku akikatakata sukuma wiki. Hakuwa amesikia.

Siku chache baadaye shule iliwaachilia wanafunzi mapema. Peres alifika kwenye mlango wa buluu saa saba na nusu. Kufuli lilikuwa linaning'inia kwa nje. Ndani mtoto alilia, mwingine akapiga kitu kama sufuria. Peres aligonga. Kilio kikakoma ghafla, kama cha watoto waliokatazwa.

Alingoja karibu nusu saa. Hatimaye Wangeci alitokea kwenye kona, akitembea kwa kasi. Alipomwona Peres alisimama.

"Ah, Peres! Leo mapema. Nilitoka dakika tano tu, kununua nyanya."

Peres alitazama kikapu. Kilikuwa kitupu. Akatazama viatu vya Wangeci. Vilikuwa vimejaa tope jekundu hadi kwenye vifundo vya miguu, na njia ya kwenda dukani ilikuwa ya lami.

"Nimengoja zaidi ya dakika tano, Anti."

Wangeci alichomeka ufunguo, lakini hakuuzungusha. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama yako akisikia habari hii atamtoa Isaiah. Halafu Agosti nani atakaa naye? Si wewe? Isaiah ameniambia unasoma shairi lako kila siku."

Uso wa Peres uliwaka moto. Mlango ulipofunguliwa, alimchukua ndugu yake akaondoka.

Jioni hiyo Rael alimpima Isaiah joto kwa kiganja. "Huyu mtoto analegea siku hizi. Peres, wewe ndiye unayeingia mle ndani. Umeona chochote?"

Peres aliiona kalenda ukutani, na Agosti yote ikiwa mbele yake.

"Hapana, Mama. Labda ni baridi."

"Kweli?"

"Kweli."

Mama hakuuliza tena. Lakini tangu jioni hiyo Peres hakuwa na amani. Alianza kupeleleza. Wakati wa chakula cha mchana alikimbia hadi kijiani, akatazama mlango, akarudi shuleni akihema. Jumatano hapakuwa na kufuli. Jumanne na Ijumaa lilikuwapo. Alijiuliza Wangeci anaenda wapi, na kwa nini siku hizo mbili. Je, ni mwizi? Anauza vitu vya watoto? Kila alipofikiri kumwambia Mama, alikumbuka kwamba ameshasema uongo, na sasa angelazimika kueleza mambo mawili badala ya moja.

Agosti ilifika. Shule zilifungwa na mazoezi yakaanza. Ijumaa ya kwanza kulikuwa na ukungu na baridi kali. Peres alisimama mbele ya wenzake, akafungua mdomo, akasahau ubeti wa pili.

"Peres, uko wapi leo?" Mwalimu Oloo aliuliza.

Akili yake ilikuwa kule kijiani. Ijumaa. Saa hizi kufuli lipo. Walipopewa mapumziko saa nne na nusu, alitoka mbio.

Kufuli lilikuwepo kweli. Lakini safari hii hakukuwa na kilio wala mlio wa sufuria. Peres aligonga mlango.

"Isaiah! Isaiah, ni mimi!"

Kimya. Dirisha lilikuwa limefungwa, na chini ya mlango mtu alikuwa ameziba uwazi kwa gunia ili baridi isiingie. Peres alipanda juu ya tofali, akaweka uso kwenye kioo. Watoto wanne walikuwa wamelala ovyo kwenye mkeka. Katikati ya chumba, ndani ya karai, palikuwa na jiko la makaa, likiwaka jekundu. Alipiga kioo kwa nguvu zote. Msichana mmoja mdogo aliinua kichwa, akakirudisha chini kama mzigo. Isaiah hakutikisika.

Peres alikimbilia gereji. "Mzee Gurdeep! Watoto wamefungiwa na jiko! Hawaamki!"

Mzee Gurdeep alikuwa chini ya gari. Alitoka, akanyakua nyundo na nondo, akamfuata bila kuuliza swali hata moja. Kufuli lilikatika kwa pigo la tatu. Peres alitaka kuingia, lakini mzee alimzuia kwa mkono wake mweusi kwa grisi.

"Kaa nje, binti. Nikianguka mimi, wewe uwepo wa kuita watu."

Alijifunika pua kwa kitambaa ingawa alijua hakingemsaidia sana, akavuta pumzi, akaingia. Alilisukuma dirisha likafunguka. Alitoka na watoto wawili, akarudi kuchukua wengine wawili. Aliwalaza kwenye nyasi za kando ya kijia. Yule msichana alianza kukohoa. Isaiah midomo yake ilikuwa na rangi ya ajabu. Peres alimshika kichwa, akimwita, akimwita. Baada ya muda ambao Peres hakuweza kuupima, Isaiah alitapika, kisha akalia. Peres hakuwahi kukifurahia kilio chake kama siku hiyo.

Mzee Gurdeep aliwapeleka wote hospitalini kwa pikapu ya gereji, na fundi wake akapiga simu mjini. Rael alifika kabla ya saa sita. Mama Jashoda mwenyewe ndiye aliyemleta. Aliposikia habari alikuwa amewatoa wateja, akafunga duka katikati ya mchana na kuwasha gari.

Daktari alitoka akiwa na uso mtulivu. "Watapona wote. Wangechelewa kidogo, ningesema mengine. Makaa yakiwaka katika chumba kilichozibwa hutoa hewa yenye sumu. Huioni, huinusi. Unasikia kichwa kinauma, unasikia usingizi, basi. Huyu mdogo, je, amekuwa akilegea siku za nyuma?"

"Ndiyo," Rael alijibu kwa mshangao. "Mwezi mzima. Tulidhani ni baridi."

Peres alitazama sakafu. Hakukuwa na dawa yoyote ya kulaza watoto. Ni jiko tu, kila Jumanne na Ijumaa.

Wazazi wengine walifika. Mama wa yule msichana alimkumbatia Peres hadi akakosa pumzi.

"Huyu ndiye aliyewaokoa," Mzee Gurdeep aliwaambia watu wote. "Mimi nilikuwa na nyundo tu. Macho yalikuwa yake."

Watu wakampongeza. Mmoja alisema anastahili zawadi. Peres angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua ila Wangeci, na nani angemwamini Wangeci sasa? Alimtazama yule mama aliyemkumbatia, akaona macho yake mekundu, akashindwa.

"Nilijua," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akarudia. "Nilijua anawafungia. Tangu Julai. Mama aliniuliza, nikasema hakuna kitu. Nilitaka kwenda kwenye mazoezi ya shairi."

Yule mama aliondoa mkono wake begani mwa Peres, taratibu. Rael alikaa kwenye benchi.

"Nilikuuliza, Peres," alisema. "Nilikuuliza uso kwa uso."

Peres alilia. Hakuna aliyemnyamazisha.

Wakati huo Wangeci aliingia mbio, viatu vyake vikiwa na tope lile lile jekundu. Aliona wazazi wote, akapiga magoti.

"Wako hai?"

"Wako hai," alijibu Rael. "Ulikuwa wapi?"

"Mutuini. Mama yangu amepooza upande mmoja tangu Juni. Jumanne na Ijumaa ndugu yangu hayupo, hakuna wa kumlisha. Msaidizi aliniacha Mei. Niliwaachia jiko wasipate baridi."

"Ungetuambia! Ungefunga siku hizo mbili!"

Wangeci alifuta uso. "Mama Peres, kila mzazi aliyekuja kwangu aliuliza jambo moja la kwanza: unafunga lini? Ningesema nafunga hata siku moja, mngeniacha nyote."

Ogutu, aliyekuwa amefika dakika hiyo akiwa bado na nguo za kiwandani, alimsaidia Wangeci kuinuka. Hakumtukana. Lakini siku iliyofuata wazazi wa watoto wote wanne walikwenda kwa chifu kueleza yaliyotokea, na kituo kikafungwa kwa amri.

Jumapili jioni, Isaiah akiwa amelala salama kati yao, wazazi walimwita Peres.

"Nimelifikiria jambo hili siku mbili," Rael alianza. "Nilimshuku yule mama siku ya kwanza. Nilijua mtu hawezi kukaa mwaka mzima bila kuugua wala kupumzika. Nikanyamaza, kwa sababu nilihitaji mahali pa kumwacha mtoto. Wewe ukanyamaza kwa sababu ya shairi. Wangeci akanyamaza kwa sababu ya kazi yake. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na watoto wanne nusura wafe."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Hospitalini ulisema ukweli wakati watu wanakusifu, na hilo si jambo dogo. Lakini ulichelewa. Jambo likikutia shaka kuhusu mtoto, au kuhusu mtu yeyote asiyeweza kujisemea, liseme siku hiyo hiyo. Hata kama litakuharibia mipango yako. Hata kama utakuwa umekosea na watu wakucheke."

Ogutu alikohoa. "Na sisi pia tulikosea. Tulikutwika mtoto kwenye kalenda bila kukuuliza. Kama ungetuambia siku ile habari ya hayo mazoezi, tungetafuta njia nyingine. Nitakiomba kiwanda likizo yangu ya mwaka ianze wiki ijayo. Aprili mama yako atachukua yake. Desemba tumekubaliana na wale wazazi wengine kupokezana. Lakini wiki hii moja, Peres, utakaa naye wewe."

Jumatatu Peres alikwenda kwa Mwalimu Oloo akamweleza kila kitu mwenyewe. Nafasi ya kuongoza shairi ilipewa msichana mwingine. Aliporudi mazoezini wiki iliyofuata, alisimama mstari wa nyuma, akakariri pamoja na wengine.

Shule zilipofunguliwa, Rael na Peres walimpeleka Isaiah nasari. Safari hii Rael hakuuliza tu siku za kufunga. Aliuliza walimu ni wangapi, nani anabaki na watoto mmoja wao akiugua, na kama mzazi anaweza kuja saa yoyote bila kutoa habari. Mwalimu Wangui alijibu moja baada ya jingine.

"Na mimi nina swali," Peres alisema kwa woga. "Wakati wa baridi, mnatumia kitu gani kupasha chumba joto?"

"Peres!" Mama alinong'ona.

"Mwache aulize," alisema Mwalimu Wangui. Aliwapeleka hadi chumba cha kulala, akafungua kabati la blanketi, akawaonyesha madirisha mawili yaliyoachwa wazi kwa juu na jikoni kwenyewe, ng'ambo ya ua, mbali na watoto. Kisha akamgeukia Peres.

"Njoo ukague siku yoyote, hata mchana, hata ukiwa na haraka. Na ukiona kitu usichokipenda, usiende nacho nyumbani kimoyomoyo. Niambie mimi, halafu mwambie na mama yako. Mwalimu anayekasirika kwa kuulizwa habari za watoto wa watu, mwondolee mtoto siku hiyo hiyo."